Bakuli Lililokuwa Likienda Shikome

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango, amani ya Bwana iwe nanyi. Mchungaji amenipa nafasi hii kabla mavuno hayajabarikiwa, akaniomba nisiwachoshe. Mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la tatu, na haya nitakayosema sikuyasoma, yalinibana mpaka nikayajua. Sitamtaja mtu kwa jina. Mtakaocheka chekeni tu, yapo ya kuchekesha.

Hapa Ipole mnanijua kama mtu wa mizinga ya nyuki. Lakini kwetu ni kaskazini ya Tabora, upande wa kwendea Ziba, kijiji kilichokaa kando ya njia ya zamani ya misafara. Huko ndiko baba yetu alikofariki kwa homa wakati wa masika, na mama akamfuata kabla mahindi hayajakauka shambani. Tulibaki wanne. Mimi mkubwa, ndevu hazijaota. Mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye sote tulimwita Dada kwa sababu ndiye aliyetupikia. Kisha mdogo wetu wa kiume, wa kuchunga ndama. Na kitindamimba, mtoto wa kike aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa.

Baada ya matanga ndugu walikaa kutupanga. Baba mdogo alikuwa na mipango yake tayari. Dada akae kwake, posa zitakuja. Kijana akachunge ng'ombe zake Ziba. Kitindamimba apelekwe mbali kwa upande wa mama.

Nikasema, "Baba mdogo, nakuomba utuache pamoja. Nitalima."

"Utawalisha nini? Herufi? Na herufi zenyewe umeziacha shuleni hujazimaliza!"

Watu wakacheka. Babu yetu mmoja, mkubwa wa ukoo, hakucheka. Akasema, "Mwacheni ajaribu. Nyumba ni moto, na sisi tutautazama kutokea shikome. Chakula cha nyumba hiyo kikifika kila jioni, kikiwa chakula cha kuliwa na watu, tutajua nyumba ipo. Siku kitakapokosa, nyumba imezimika, na kila mtoto atakwenda alikopangiwa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilipiga magoti nikamshukuru. Sikujua kwamba mlango umefungwa kwa nje.

Kwa vijana msiojua: shikome ni pale motoni pa wanaume, mbele ya nyumba. Jioni kila nyumba hupeleka chakula pale, na wanaume hula pamoja. Wazee wetu husema desturi hiyo ilitiwa nguvu na safari. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi, na kila walipopiga kambi walikula motoni kikundi kwa kikundi. Ni desturi nzuri. Mgeni hakosi chakula, mjane wa kiume hakosi, mvivu naye, Mungu amsamehe, hakosi. Lakini kila bakuli linalofika pale linatazamwa, na linasemwa.

Jioni moja ya mwanzo Dada alipeleka ugali na mlenda mtupu. Akapiga magoti, akatua bakuli, akaondoka. Hajafika mbali, mmoja akafunua.

"Jamani, mlenda peke yake? Kuku wa mayatima wamepanda treni ya Kigoma?"

Mwingine akasema, "Na ugali huu mbona mweusi? Au wametusagia na gunzi?"

Baba mdogo alikohoa tu, akanitazama. Nilikielewa kikohozi kile. Nilirudi nyumbani nikamwambia Dada, kesho unga uwe mweupe, na bakuli liwe na kitu.

Tangu siku ile unga wetu ulikuwa mweupe kuliko wa wote. Dada alikoboa mahindi, akaloweka, akatwanga, akachekecha, na zile pumba tukawatupia kuku. Maharage yalikwenda shikome. Karanga zilitwangwa zikaungwa kwenye mboga, zikaenda shikome. Kuku akitaga, yai halikuliwa, lilingoja lianguliwe ili siku moja kuku aende shikome. Nami nilikwenda huko huko, nikakaa katika kigoda cha marehemu baba, nikanawa, nikala na wazee. Nilikuwa nimechoka kwa jembe, na nilishiba.

Na kule jikoni walikula nini? Hilo ndilo sikulijua. Mwanamume kwetu haingii jikoni wakati wa chakula. Dada hakuniambia, kwa kuwa aliona akiniambia nitayumba, nikiyumba tutatawanywa. Walikula ugali wa muhogo. Bwana Shauri wa serikali alikuwa ameagiza kila nyumba ilime muhogo kwa kinga ya njaa, basi muhogo tulikuwa nao tele. Ugali wa muhogo na maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akipewa chungu kilichopikiwa mboga ya wanaume, akikomba ndani kwa kidole. Huyo alijiokoa pia kwa matunda ya furu na panya wa porini. Kitindamimba hakuwa na miguu ya kwenda porini.

Kiangazi kilipoingia alianza kuvimba. Miguu kwanza, halafu mashavu. Na watu walifurahi, mnasikia? Baba mdogo alimwona akasema, "Kumbe mnashiba! Tazama alivyonona." Nami nilifurahi. Lakini mtoto aliyenona hucheza, na huyu alikaa pale alipowekwa. Alilia kwa sauti ndogo, bila machozi. Nywele zikageuka nyekundu, laini kama ndevu za mahindi. Ngozi ya miguu ikaanza kubanduka.

Hapo maneno yakageuka. Wengine wakasema ni mizimu ya mama inamwita mtoto wake. Jirani mmoja akashauri asipewe maharage wala yai, ati aliyevimba hapewi kitu kizito. Tukamkinga na hata kile kidogo alichoweza kupata. Nilizunguka pale nyumbani kama panya aliyefungiwa ghalani asiruhusiwe kugusa gunia. Nikimpeleka mtoto Tabora hospitali, nani atalima? Nisipompeleka, atakufa mikononi mwangu, na baba mdogo atasema, "Niliwaambia." Nikibaki ni hivyo, nikiondoka ni hivyo. Na jioni ikifika bakuli liende.

Siku moja mtoto akakataa hata maji. Nikachukua kanga ya mama, nikamfunga mgongoni, nikashika njia. Mwanamume na mbeleko! Kila niliyekutana naye njiani alikuwa na la kusema. "Kijana, mkeo amekukimbia?" Nilikuwa nikijibu kwa salamu ya kwetu, "Mwangaluka," na kupita.

Tabora mjini nilimfahamu mtu mmoja tu, mama wa Kiislamu, mkewe fundi seremala, aliyekuwa akinunua karanga kwa marehemu mama. Nikabisha hodi kwake kuomba maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mama yako yu hali gani?"

Nikamwambia. Akaomba dua. Kisha akamshusha mtoto mgongoni, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale.

"Huyu hakunona, mwanangu. Huyu ana njaa."

Nikaudhika. "Mama, kwetu chakula hakijakosa hata jioni moja. Mahindi, karanga, maharage, vyote tunalima."

"Vinakwenda wapi?"

Nikafungua kinywa nimjibu. "Vinakwenda shikome."

"Na yeye anakula mboga gani?"

Ndugu zangu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile, na sikujua mtoto wetu anakula mboga gani.

Akasema, kana kwamba shikome ni jina la mtu, "Basi mleteni huyo Shikome hospitali tumwone alivyo na afya."

Hospitali tulikwenda jioni ile ile, naye akatusindikiza. Walimlaza mtoto, wakampa maziwa kidogo kidogo, wakaniuliza maswali yale yale ya yule mama. Muda wote mtoto alipokuwa amelazwa nilikula kwa fundi. Uani kwao sinia lilikuwa moja. Baba, mama, watoto, na mimi mgeni. Wadogo walikalishwa upande wa mboga, na fundi, mtu mzito mwenye ndevu, alikula upande wa ugali. Nilishangaa, akaniona. Akacheka. "Mkono wa mtu mzima unafika popote, kijana. Wa mtoto ni mfupi. Mkaribishe karibu."

Niliporudi na mtoto amepungua uvimbe, nimebeba dagaa wa Kigoma waliofungwa kwenye kitambaa, mlango ule ule wa kufungwa kwa nje ulikuwa unaningoja. Tulichokuwa nacho kilitosha bakuli moja. Matumbo yalikuwa mawili, la heshima na la mtoto. Nikipeleka, ninamwua. Nisipopeleka, ninawatawanya.

Jioni ile niliingia jikoni, nikakaa chini. Dada alishtuka nusura aangushe mwiko.

"Kaka, toka! Watu watakuona."

"Pakua."

"Cha shikome nimeshakitenga."

"Kilete hapa. Sote tunakula hapa."

Alilia, lakini akakileta. Tukala. Nikasikia sauti kutoka motoni, "Mwenye nyumba! Umeolewa lini?" Na kicheko. Niliona aibu, sitawadanganya. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Dada aliacha kuchekecha unga, pumba tukala wenyewe. Uji wa mtoto tulitia karanga za kutwanga na ubuyu kidogo. Dagaa tulisaga, tukanyunyiza kwenye mlenda. Majani ya kunde, mabichi yakiwepo, na yaliyokaushwa yasipokuwepo. Yai likitagwa, lake. Hakuna kilichotoka mbali ila wale dagaa. Vyote vilikuwa pale pale nyumbani, vikipita mbele ya mlango kwenda kwa watu walioshiba.

Kisha wakaja. Babu mkubwa wa ukoo mbele, baba mdogo nyuma yake, jua halijazama, nasi tumezunguka bakuli. Baba mdogo hakusalimia. Akamshika mdogo wangu wa kiume mkono. "Inuka. Nyumba imezimika, ilisemwa mbele ya watu."

Aliyesema ni Dada, yule asiyesema. Alipiga magoti mbele ya babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, chakula kilichokuwa kikija kwenu ndicho hiki. Tangu mama afe, mtoto huyu hakuwahi kukionja mpaka juzi. Kikija kwenu, yeye hana. Mimi ndiye ninayepakua, ninajua. Niambieni ninyi nimpakulie nani."

Kitindamimba, yeye hana habari ya ukoo, alikuwa akivutana na kaka yake kipande cha dagaa, akimsukuma kwa kiwiko. Babu alimtazama sana. Nadhani hakuwa amemwona mtoto yule akisukumana na mtu kwa muda mrefu. Akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Nipeni maji ninawe."

Baba mdogo akasema, "Mzee, hapa ni jikoni!"

"Nimeona. Nipeni maji."

Akanawa, akakaa na sisi, akamega tonge moja, akachovya, akala. Mnajua wenyewe maana yake. Mzee wa ukoo hali chakula katika nyumba iliyokufa. Akajifuta, akamwambia baba mdogo, "Mimi nimekula. Nyumba niliyokula ndani yake haijazimika."

Baba mdogo hakunawa. Na nisiwafiche, hasira yake haikuisha siku ile. Ili ukoo usipasuke, kijana alikwenda Ziba kuchunga mpaka mavuno yaliyofuata, nasi tulikuwa tukihesabu miezi tukimngoja. Alirudi amenenepa kwa maziwa ya ng'ombe, hataki tena kusikia habari ya panya. Kwa hayo maziwa namshukuru baba mdogo, tena kwa moyo. Namshukuru yule mama wa mjini na fundi wake, ambao hawakuniuliza dini yangu. Nawashukuru wauguzi, na babu aliyenawa mikono. Na Dada. Leo ana watoto wake, na anapakua kwa kuanzia upande wa wadogo.

Kitindamimba ndiye yule pale kwaya, mstari wa mbele. Mnamjua kwa sauti, sasa mmejua ilitoka wapi.

Sina somo kubwa. Baba zangu, ndugu zangu, leo haya mavuno yakibarikiwa, kila mmoja atarudi na kitu. Usiulize kwako kuna chakula au hakuna. Ingia jikoni uangalie kinaliwa na nani. Usitupe pumba kwa ajili ya macho ya watu. Mtie mtoto karanga kwenye uji kabla hujamtilia mgeni kwenye mboga. Mgeni mwema atakuelewa, na asiyeelewa mpe maji.

Shikome mimi bado naenda, hata hapa mnaniona jioni motoni na wenzangu. Naenda kuota moto na kusikia habari. Nakuwa nimeshakula nyumbani.