Mbele ya Mstari wa Majivu

Jumatatu tarehe 3 Machi 1986, saa nne na robo asubuhi, ndipo marehemu baba yetu, Elimringi Ndesario Mshiu, alipotaka historia yake ianzie, na aliniagiza hivyo mara mbili nikiwa na kalamu mkononi, lakini baba mdogo Calvin, ambaye ndiye msemaji wa familia, amenikumbusha kwamba historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, na kwamba wapendwa waombolezaji wengi mmekaa juani, kwa hiyo naomba nianze na kuzaliwa, nipite haraka, kisha nifike kwenye Jumatatu hiyo. Kwa wasionifahamu, mimi ni Aikande, mtoto wake wa mwisho.

Marehemu alizaliwa hapa Mbokomu mwaka 1938, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Cheti chake kinaonyesha tarehe 25 Desemba, lakini hiyo ni siku aliyobatizwa, pamoja na watoto wengine kumi na mmoja wa mtaa huu, na bibi yetu alikuwa akisema kwamba siku hiyo Baba alikuwa tayari anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, kwa hiyo mimi nimeandika mwaka peke yake. Kwenye msalaba fundi ameandika 25 Desemba. Nilimweleza, akasema rangi imeshakauka.

Alisoma shule ya misheni kuanzia Januari 1948 hadi Novemba 1951, akamaliza darasa la nne, akaacha kwa sababu ng'ombe wa babu walikuwa watatu na wa kuwakatia majani alikuwa mmoja. Kati ya mwaka 1957 na 1968 alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mlowezi, na tarehe 2 Juni 1969 aliajiriwa kufyeka majani kwenye uwanja wa gofu mjini Moshi, kazi aliyoifanya kwa fyekeo la mkono kwa miaka kumi na sita na miezi kumi na mmoja, kwa kuwa mashine ya kukatia majani ilikuwa ikisubiri kipuri. Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, Gladys, wakajaliwa watoto watatu, Elizabeth mwaka 1972, Martin mwaka 1975, nami mwaka 1980. Mama hajawahi kucheza gofu wala kuupenda mchezo huo, lakini jina lake litatajwa sana katika historia hii, naomba msishangae.

Sasa Jumatatu yenyewe. Siku hiyo Bwana Remigius, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa benki, na ambaye yupo nasi hapa, amevaa koti la kijivu, alikuwa akifanya mazoezi peke yake kwa fimbo ya chuma, akapiga mara tatu, na mara zote tatu fimbo ilichimba ardhi kwanza, ikatoa shimo la kutosha kupanda mche wa kahawa, na mpira ukatambaa hatua chache ukasimama. Marehemu, aliyekuwa akifyeka hatua kama ishirini kutoka hapo, alicheka. Bwana Remigius alimwita akamuuliza anacheka nini, na marehemu, ambaye alikuwa na watoto watatu na hakuwa na kazi nyingine, alivua kofia akamjibu, "Samahani, bwana meneja. Unaipiga ardhi, halafu mpira unausalimia tu."

Bwana Remigius amenithibitishia juzi kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshtaki kwa katibu wa uwanja. Wazo la pili lilikuwa kumwambia aonyeshe. Marehemu hakuwahi kushika fimbo ya gofu, kwa hiyo alionyesha kwa fyekeo lake, akieleza kwamba majani hayakatwi kwa kuyachota, mikono ndiyo hutangulia na chuma kikafuata, hivyo chuma kinapofika kazini mikono imeshapita, uzito wa mwili umeshahamia mguu wa kushoto, na kifundo cha mkono wa kushoto kimenyooka, hakijakunjika kama cha mtu anayekunywa uji, na kwamba chuma kikutane na mpira kikiwa bado kinashuka, kiuguse mpira kwanza, ndipo kichukue majani yaliyo mbele yake. Bwana Remigius alitanguliza mikono kama alivyoambiwa, akapiga. Mpira ulipita juu ya jakaranda mbili na hawakuuona tena. Kisha akamwuliza marehemu jina lake, ingawa alikuwa amepita karibu naye kila Jumatatu na Alhamisi kwa miaka minne.

Mwezi Mei 1986 marehemu aliondolewa kwenye kufyeka akawa mwalimu wa fimbo za chuma, bila cheti, na hakuna mtu aliyewahi kumdai cheti hicho. Katikati ya miaka ya tisini, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda huku mlimani na magunia yakapatikana kwa urahisi, alichukua gunia, akalijaza majani makavu ya mgomba, akaliweka kwenye kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, pale nyuma ya zizi, na wanafunzi wake wakawa wanalipiga kwa fimbo kisha wanabaki wameganda hapo hapo, wakijitazama mikono yao iko wapi na uzito uko mguu gani. Jumamosi moja nilihesabu magari manne na mtu mmoja mwenye cheo mkoani, amevua tai, ameinama mbele ya gunia bila kusogea, na ng'ombe wetu akimtazama.

Jambo hili liliwafikia wazee wa kanisa. Jumapili tarehe 6 Agosti 1995, baada ya ibada ya pili, walikuja wazee watatu wakiongozwa na Mzee Yohana, kwa sababu zilikuwa zimevuma habari kwamba watu wakubwa hupanda kwa Elimringi kupiga gunia, na kwamba kabla ya kupiga huamriwa wanyamaze na watulize kichwa. Mama aliwapa chai. Mzee Yohana hakuigusa chai yake, akauliza ndani ya gunia kuna nini.

"Majani ya mgomba," marehemu akajibu.

"Na nani mwingine?"

Marehemu alilifungua gunia mbele yao, akamwaga majani yote chini, akayarudisha, akampa Mzee Yohana fimbo. Mzee Yohana alipiga, akaambiwa abaki hivyo hivyo, na ikaonekana wazi kwamba chuma kimefika kwenye gunia na mikono bado iko nyuma.

"Mikono yako imechelewa, Mzee."

"Elimringi, mbe, ndugu yangu, nina miaka sabini na moja. Kila kitu kimechelewa."

Uchunguzi huo haukufungwa siku hiyo. Mzee Yohana alirudi Jumamosi tisa mfululizo ili kuuendeleza, na kwenye ile ya tisa alikuja na viatu vya gofu vya mtumba.

Hapa naomba nieleze jambo ambalo wengi hamlijui. Marehemu mwenyewe hakuweza. Aliwafundisha watu zaidi ya mia mbili kuugusa mpira kabla ya ardhi, na yeye alipopiga, aligusa ardhi kwanza. Mwaka 1991 alinunua fimbo ya chuma namba saba kwenye soko la mitumba la Memorial, kwa muuzaji aliyekuwa akiiuza kama ya kuangushia parachichi, na tangu hapo, kila siku ambayo hakukuwa na mvua, kuanzia saa kumi na moja jioni, alichukua majivu jikoni, akachora mstari mwembamba kwenye majani kati ya migomba, akaweka mpira juu ya mstari huo, akapiga. Kama chuma kimekwenda inavyotakiwa, majani hung'oka mbele ya mstari. Kama kimechimba, hung'oka nyuma. Kwa kuwa hakuamini macho yake katika shauri lililomhusu mwenyewe, alimwita Mama, na Mama alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akainama, akatazama, akasema neno moja.

"Nyuma."

Alilisema neno hilo kwa miaka kumi na mitatu. Siku ya Krismasi mwaka 1997, mbele ya wageni, marehemu alimwomba atazame vizuri, pengine sehemu yake ni nyuma na robo hivi ni mbele, na Mama aliinama mara ya pili akamwambia, "Baba Eliza, nyuma ni nyuma," akarudi jikoni kwenye mtori wake wa ndizi. Sababu marehemu aliijua na alinieleza bila aibu, kwamba mikono yake ilitumwa kutafuta majani kwa karibu miaka kumi na saba, na mkono uliokwisha kuzoea kutumwa kwa majani hauelewi ukiambiwa leo tafuta mpira. Kile kilichomfanya ajue kufundisha ndicho kilichomzuia kupiga.

Tarehe 27 Desemba 2001, nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, aliniita akaniambia, "Ukija kuandika mambo yangu, andika mfyeka majani, andika mwalimu. Mchezaji usiandike, mpaka mama yako aseme mbele." Nilimwuliza kama haitoshi kwamba wengine wote wanamwita mchezaji. Aliniuliza chuoni kwetu mtu anapewa shahada kwa kuitwa hivyo na majirani. Sasa, kwenye karatasi mliyopewa mlangoni baba mdogo Calvin ameandika kwamba marehemu alikuwa mchezaji mahiri wa gofu. Neno mahiri nimemwomba alitoe, akakataa, hilo ni lake na atalijibia. Neno mchezaji nitalijibia mimi, na tangu Jumatano sijalala vizuri kwa ajili yake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2002, na baadaye moyo. Alilazwa hospitali ya Mawenzi kuanzia tarehe 28 Agosti hadi tarehe 10 Septemba mwaka huu wa 2004. Daktari alipomruhusu alimkataza jembe na kubeba mizigo, akamwuliza kama ni kweli anacheza gofu, na marehemu akajibu, "Bado, daktari."

Jumatatu tarehe 13 Septemba, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, alichukua majivu. Mimi nilikuwa mlango wa jikoni nikimenya ndizi, na Martin alitaka kumzuia, Mama akasema aachwe. Alichora mstari, akapumzika akiiegemea fimbo, akaweka mpira, akapiga taratibu kuliko nilivyowahi kumwona akipiga, na mpira ukaondoka chini chini kati ya migomba. Niliutazama mpira. Sote tuliutazama mpira. Kisha akamwita Mama, na Mama akaenda, akasimama juu ya mstari. Kwa kawaida Mama huinama. Siku hiyo hakuinama. Mama yupo hapa, anajua kwamba nimeliandika hili.

"Mbele," akasema.

Marehemu akauliza, "Umesema?"

"Nimesema mbele, Baba Eliza. Ingia ndani, kuna baridi."

Aliingia ndani, akala bakuli zima la mtori, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Agosti, akaniambia nisisahau kuandika. Asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Septemba alibanwa na kifua, tukamrudisha Mawenzi, na saa tatu na dakika ishirini akafariki dunia, Mama akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na gunia moja, ambalo Mzee Yohana ameomba akabidhiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mawenzi, ambao walimvumilia akiwaelekeza jinsi ya kusimama, inamshukuru Bwana Remigius kwa gari lake, inawashukuru majirani walioleta kuni, ndizi na maji tangu saa ya kwanza, vijana walioandaa kaburi, akina mama wa jumuiya, na wafanyakazi wa uwanja wa gofu, ambao leo wamefyeka kihamba chote tangu barabarani hadi hapa bila kuombwa na mtu. Kama nimemsahau yeyote, kosa ni langu, naomba aniambie ili niongeze kwenye nakala ya familia.

Limebaki jambo moja. Jumatano tarehe 15 Septemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla vijana hawajaja kufunga turubai, nilichukua rula ya sentimita thelathini nikaenda kwenye migomba, kwa sababu najijua, nisingeweza kusoma mbele yenu neno ambalo sijalihakiki. Mvua haikuwa imenyesha. Mstari wa majivu ulikuwepo, kishimo kilikuwepo, na kipande cha majani kilikuwa kimelala kando, mizizi juu. Nilipiga magoti nikapima mara tatu, na mara zote tatu nikapata kipimo kilekile. Kipimo hicho sitakisoma hapa, na nyumbani pia msiniulize. Mama alisema mbele, na mimi nimeandika mchezaji. Kisha nilikiokota kile kipande cha majani, nikakirudisha kwenye kishimo chake, nikayafuta majivu kwa kiganja, nikapakanyaga taratibu kwa mguu wa kushoto mpaka pakalingana na pengine pote, nikamwambia Baba kwamba imeshaandikwa, apumzike.