Wadudu wa Kijito cha Rakita: Risala ya Wakazi wa Byala Cheshma

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya Radoslav Kehayov,

KARIBU
Mkate na chumvi vya kukukaribisha umekwisha kuvionja; sasa tuazime masikio yako. Tunaisoma risala hii ukingoni mwa Rakita ili kijito nacho kisikie kinavyosemewa.

TULIKOTOKA
Kwa miaka kumi na tisa, Bibi Rumena Dzhambazova, karani mstaafu wa posta, huingia majini kila mwezi na wavu wake. Hugeuza mawe, huwahesabu wadudu kwenye sinia jeupe, kisha huwarudisha kwao. Mmoja tunamwita Mikia Miwili. Huyo havumilii uchafu hata kidogo: akiwapo, tunakunywa. Wakibaki funza wekundu peke yao, tunaogopa.

TULIYOYAFANYA
Machi mwaka huu Mikia Miwili walitoweka. Mpima maji wa manispaa akaja Jumanne na chupa yake, kama ilivyo ada.

"Maji safi, bibi. Nenda kapumzike."

"Mwanangu, chupa yako imekaa mtoni dakika moja. Hawa wamekaa mwaka mzima. Nani anayajua maji?"

"Wadudu hawatoi ushahidi."

"Wameshatoa. Wamekufa."

Bibi akapanda na kijito, jiwe kwa jiwe. Juu ya bomba la kiwanda cha ngozi, Mikia Miwili tele. Chini yake, hata mmoja. Tukapanga zamu za kulinda. Jumamosi mchana, ofisi zote zimefungwa, bomba likatapika. Tukamwita mpima maji. Alijaza chupa, akainusa, akamvulia Bibi kofia. Ofisi yako ikalifunga bomba kwa miezi sita, nasi tunakushukuru kwa dhati. Jana Bibi alihesabu Mikia Miwili kumi na wawili, wameshuka kutoka juu kuja kuanza maisha upya.

CHANGAMOTO
Zuio linakwisha Jumatatu. Kiwanda kimekuandikia kuomba bomba lifunguliwe, na kilichoambatishwa ni majibu ya chupa za Jumanne tu.

Tena magoti ya Bibi yamechoka na baridi ya maji. Alitukataza kuliandika hili: "Msinililie kwa meya, sijafa mimi!" Tumeliandika.

MAOMBI
Tunaomba bomba lisifunguliwe. Tunaomba hesabu ya wadudu ipokewe ofisini kwako kama ushahidi kamili, na vijana wawili waajiriwe kujifunza kwa Bibi angali anaweza kuwagombeza.

Lakini kabla ya yote, Mheshimiwa, tunaomba ushuke majini ugeuze jiwe kwa mkono wako. Buti za mpira zipo hapa, namba arobaini na nne. Tulimuuliza dereva wako. Ukishamwona aliye chini ya jiwe, ndipo uisome tena barua ya kiwanda.

Mungu akujalie afya, na kila siku glasi ya maji usiyoiogopa.

Ni sisi,
Wakazi wa Byala Cheshma, wanywaji wa Rakita