Mvua Juu ya Karavani

Katika treni ya kupitia kitongoji cha Bredäng, huko ughaibuni, mzee Optatus, mfagizi wa ofisi, aliwasikia kinamama wawili mbele yake.

"Wikiendi nzima mashambani Uingereza, ndani ya karavani, kijumba cha magurudumu! Kondoo wanakuchungulia dirishani."

"Yaani umepanda ndege ukalale garini, shoga?"

Optatus akafumba macho. Marehemu mkewe, Vumilia, aliiota karavani kama hiyo miaka tisa. Kila kiangazi wakubwa wa kazini walimnyima Optatus likizo, wao wenyewe wakienda kuota jua. Vumilia aliondoka na swali moja ambalo mumewe hakuweza kulijibu.

Akafumbua macho, akamuuliza yule wa karavani swali hilo la Vumilia: "Samahani, mama. Mvua ikinyesha, paa lake linasikika?"

"Linaimba kama bati la kwetu, baba!"

Milango ikafunguka Bredäng. Kinamama wakashuka wakibishana. Na Optatus alikuwa ashukie hapo, lakini akabaki kitini, anaisikiliza mvua juu ya karavani ya Vumilia.