Beki Asiyepigiwa Mpira wa Kulia

Mbele yangu kwenye treni ya asubuhi, nahodha wa timu ya hoki ya kina mama, gongo la kuchezea mapajani, alikuwa akimwambia mzee aliyeketi naye kwamba kombe ni mwaka huu au basi tena.

"Mwanangu, mmeshakula chumvi nyingi. Waachieni wadogo zenu," akasema mzee. Yeye mwenyewe, utepe wa fundi cherehani shingoni, alikuwa anakwenda kazini.

"Wadogo wana miaka mingi mbele, sisi tuna msimu mmoja. Beki wetu hawezi tena kugeukia kulia, basi mazoezini tumeelewana kimyakimya, mpira wa kulia hatumpigii. Mwenyewe hajui."

"Na wewe," mzee akauliza, "hawakupigii wa upande gani?"

Nahodha akacheka, kisha akalitazama gongo lake. Treni iliposimama penye uwanja wao wa mazoezi, alikuwa bado ameketi.