Picha ya Leodegar Aliitoa Nani

Sogeeni karibu, nyie mliokaa chini ya turubai la upande wa barabarani, na wanawake wa jikoni acheni masufuria kidogo, simu zizimwe, naomba kimya, maana mie Auleria, mama wa marehemu, sikusoma, maneno ni yangu ila aliyeyaandika na anayeyasoma ni mjukuu wangu Jenipher, binti wa marehemu, na nimemwapisha asiruke hata mstari.

Marehemu Leodegar Petro Chilumba alizaliwa Ndanda, wilaya ya Masasi, Jumapili tarehe 2 Mei 1971, mtoto wangu wa tatu na wa pekee aliyenibakia, akasoma shule ya msingi hukohuko tangu 1979 hadi darasa la saba mwaka 1985, na mwalimu wake alikuwa akisema huyu ukimwambia linda mlango, hata mkuu wa shule hapiti. Mwaka 1989 tulihamia Pugu, akapita mafunzo ya mgambo mwaka 1993, na kuanzia 1995 akawa mlinzi wa ghala la nafaka Mabibo, miaka ishirini na sita bila kupotea gunia hata moja. Tarehe 21 Novemba 1998 alifunga ndoa na Eufrazia, wakajaliwa Jenipher mwaka 2000 na Sebastian mwaka 2005.

Mwaka 2013 nguruwe pori wa msituni walitumalizia mihogo, ndipo Leodegar akaomba kumiliki bunduki, akaanzia serikali ya mtaa, na jirani yetu Mfaume Mwinjuma, huyu mliyemwona asubuhi na jembe begani, ndiye aliyesimama mbele ya kamati kumsemea tabia, Leodegar akachukuliwa alama za vidole, akangoja miezi kumi na moja hadi leseni ikatoka. Mfaume alikuwa akimtania pale kwenye michongoma ya mpakani, "Bwana Leo, nguruwe mie simli, ila kelele zako nazila kila siku," nao wakicheka mpaka uji wangu unaungua kwa kuwasikiliza.

Siku ya uhakiki wa silaha, mwaka 2016, walipiga picha nje ya kituo cha polisi, Leodegar katikati na bunduki yake, Mfaume kushoto amemshika bega, kulia askari ameinua kitabu cha leseni, zikatoka nakala mbili, moja akachukua Mfaume, moja ikawekwa kwenye sanduku langu la bati.

Jumamosi ya tarehe 12 Juni 2021, saa nne asubuhi, vijana wawili wa pikipiki walimvamia Zuena kwa panga kwenye kibanda chake cha miamala ya simu hapo mbele ya nyumba yetu, Leodegar akatoka na bunduki, akapiga risasi moja juu, wakakimbia, Zuena yuko hapa mzima anasikia. Polisi walimchukua Leodegar kwa maelezo, naye akaenda mwenyewe na leseni mkononi. Kesho yake hajarudi, akaja mwandishi wa gazeti moja, kijana wa adabu, shikamoo bibi, akanywa chai yangu, akaomba picha nzuri ya mzee, nami nikaona mwanangu atasifiwa nchi nzima, nikafungua sanduku, nikampa ile anayopendeza kuliko zote. Akasema kesho ataileta.

Jenipher alipofika hapa aliacha kalamu akaniangalia, nikamwambia andika.

Jumatatu gazeti likatoka limeandikwa JAMBAZI LAFYATUA RISASI MCHANA KWEUPE PUGU, askari na leseni wamekatwa, Mfaume amekatwa, vimebaki vidole vyake vinne begani kwa mwanangu, havina mwenyewe. Zuena hakutajwa, panga halikutajwa. Polisi walimwachia Leodegar, ila tajiri wa ghala akasema wateja wanaogopa, akamwachisha kazi. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa gazeti na kitabu chake, wakamwuliza bunduki yenye kibali nani atanunua gazeti kuisoma, na baada ya wiki tano wakasahihisha kwa maneno madogo, chini ya matangazo ya viwanja. Alikuwa akisema yeye kwa bunduki ile aliulizwa na kila ofisi, hata jirani akaulizwa, lakini aliyemwandika jambazi hakuuliza mtu.

Picha zilikuwa mbili, na mie mama yake hakunidhania. Akamwambia Mfaume amemuuza, Mfaume akaapa, akaleta nakala yake nzima aione, Leodegar akasema siku hizi picha inapigwa kwa simu na kurudishwa mahali pake. Laiti angefungua sanduku langu. Hakulifungua, kwa heshima, nami nikanyamaza, wiki ya kwanza kwa aibu, kisha kwa kuzoea, miaka mitatu na zaidi salamu haikuvuka michongoma ile.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2022, kiharusi kikampiga tarehe 19 Agosti 2024. Jumatatu iliyopita Mfaume alikuja hospitali na chupa ya uji, Leodegar akageukia ukutani. Alipotoka nikasema, "Leo, ile picha..." Akanijibu, "Mama, usimtetee." Nikanyamaza tena. Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, akafariki, hajui.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake wa Mabibo, jumuiya, majirani, na Mfaume aliyechimba kaburi hili, tena aliyeleta picha hiyo mnayoiona juu ya jeneza, kwa kuwa sie hatukuwa nayo, ya kwetu haikurudi.

Ukoo umekaa, shamba la mihogo ni la Eufrazia, baiskeli na koti la mvua ni vya Sebastian, kitabu cha leseni atatunza Jenipher, bunduki iko kwa polisi na hairithiwi kama mbuzi, atakayeitaka aanzie serikali ya mtaa, akatafute jirani wa kumsemea. Picha inarudi kwa Mfaume, nzima, mtu asiikate. Mie nimebaki na sanduku.

Mfaume, baba, nisamehe mbele ya watu hawa. Nawe Leo, mwanangu, pumzika kwa amani, mwenzio hakuitoa, niliitoa mie.