Mchanga Mweupe Kaburini Misikhu

Mgeni rasmi, Kanali mstaafu, uliyekuwa kamanda wa makomando wetu wa majini, Mama Nanyama, mwenye boma hili, wazee wa ukoo, mchungaji, majirani wa Misikhu, na ninyi mliotoka Kitale, Kachibora na Lugulu kabla umande haujakauka:

KARIBU

Umoja wa Wanamaji Wastaafu wa Kitale na Bungoma unakukaribisha kwa mikono miwili. Kuku wako amechinjwa, na filigisi imewekwa kando kama desturi ya hapa inavyotaka, mtu mwingine asiiguse.

Tunaomba radhi kwa jambo moja mapema. Risala unayosikia siyo ile tuliyokutumia wiki mbili zilizopita. Ile ilikuwa na kurasa nne, na kurasa tatu na nusu zilikuwa za sifa. Tuliiweka kando Alhamisi jioni. Hii imeandikwa upya na watu walioshtuka, na mpaka sasa hivi bado tumeshtuka. Msomaji akikwama mahali, mvumilie.

HISTORIA YETU

Watu hutucheka. Hutuuliza, "Nyinyi watu wa mahindi, bahari mliionea wapi?" Nasi huwajibu kwamba aliyejifunza kuogelea mto Nzoia ukiwa umefurika, akatoka upande wa pili na nguo zake kichwani, huyo bahari haimtishi sana.

Tuko kumi na mmoja. Wengi wetu hatukuwa mashujaa. Tulipaka meli rangi, tulipika ugali wa watu mia mbili, tuliandika madaftari ya stoo. Komando miongoni mwetu ni mmoja tu, naye ni Mzee Kimutai wa Kachibora, mwenyekiti wetu.

Historia ya makomando hao wewe unaijua kuliko sisi, lakini sisi tumeisikia kwa Mzee Kimutai mara nyingi mpaka tunaiota. Walijaribiwa watu mia mbili, wakabaki kumi na wawili. Walitupwa majini mikono ikiwa imefungwa nyuma, wakaambiwa wajitafutie njia ya kutoka. Walizama wawili wawili, kila mtu na mwenzake, wakiwa wamefungwa pamoja kwa kamba fupi kiunoni, ndiyo maana wakaitwa Kikosi cha Kamba. Kauli yao ilikuwa moja: kamba haiachwi. Mtu hurudi na mwenzake, akiwa hai au maiti.

Mwenzake Mzee Kimutai kwenye kamba alikuwa Koplo Mukhisa, mwana wa boma hili na mume wa Mama Nanyama.

Mzee Kimutai ameizungusha historia hiyo katika shule zote kuanzia Kachibora mpaka Lugulu. Hahitaji karatasi. Ukimuuliza bei ya mbolea, jibu linapitia baharini kwanza. Husimulia jinsi mwaka wa tisini na mbili mkondo wa maji ulivyowasukuma kwenye mwamba na kamba ikakatika. Alitoka juu akiwa na kipande mkononi. Akarudi chini kumtafuta mwenzake siku tatu mfululizo, mpaka damu ikamtoka masikioni. Ndiyo sababu ukitaka akusikie lazima usimame upande wake wa kulia. Halafu husema kwamba siku ya nne bahari ilimrudisha Mukhisa, naye akamleta mwenyewe mpaka Misikhu, akamkabidhi kwa watu wake.

Hapo wanafunzi husimama na kupiga makofi. Hata sisi tulikuwa tunapiga.

MAFANIKIO

Tumezika wenzetu watano kwa heshima, na jeneza la kila mmoja limefunikwa bendera. Mwaka jana tuliamua kusimamisha jiwe la kumbukumbu hapa kwenye kaburi la Mukhisa. Bwana Mohinder wa duka la vifaa vya ujenzi Kitale alitupa simiti bila kutuuliza maswali mengi. Jiwe likachongwa, likaandikwa jina la kikosi, jina la Mukhisa, na maneno haya: ALIRUDISHWA NYUMBANI. Mzee Kimutai ndiye aliyeyachagua. Alisafiri kwenda kuliangalia jiwe mara tatu, na kila mara alirudi akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Kadi na risala ile ya kwanza tulizokutumia zilitaja jiwe, hazikutaja kaburi. Kwa hiyo hukuwa na njia ya kujua kwamba hapa kuna jeneza. Kosa hilo dogo ni letu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kwa kawaida mahali hapa risala hutaja barabara mbovu na ukosefu wa maji. Leo hatutataja.

Alhamisi asubuhi, fundi Wanyonyi alikuwa anachimba msingi wa jiwe upande wa kichwa cha kaburi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ukuta wa shimo ukabomoka, mbao zilizooza zikaachia, na kikamwagika miguuni pake kitu ambacho Misikhu hakipo. Udongo wetu ni mwekundu, kila mtu anaujua. Kilichomwagika kilikuwa cheupe kama chumvi, na ndani yake mlikuwa na vigamba vidogo vya kombe.

Wanyonyi aliruka nje akiita, "Mama! Mama Nanyama, kuja uone! Hii si mutu! Hii ni muchanga tu!"

Tulikimbia wote. Tulifikiri mvua imeingiza mchanga. Lakini mvua gani ya Bungoma inabeba kombe? Wazee wa ukoo wakaagiza jeneza lifunguliwe, maana lilikuwa limeshajifungua nusu. Hatukuona mfupa hata mmoja. Hatukuona jino. Tuliona vigunia vinne vidogo vilivyooza, mchanga wa pwani, na mkanda wa vyuma vizito ambao mpiga mbizi huuvaa ili azame. Katibu wetu, Phelista Makokha, anayekusomea risala hii, alikuwa karani wa stoo miaka kumi na minane. Mikanda ile iligongwa namba, na kila namba ilikuwa na mwenyewe. Aliupangusa kwa leso, akaisoma namba, akaisoma tena. Haikuwa namba ya Mukhisa. Ilikuwa ya Kimutai.

Mzee Kimutai alikuwa amesimama nyuma yetu akiwa na fimbo yake na kofia ya wanamaji. Tulipogeuka, alikuwa ameshaivua ile kofia.

Mama Nanyama alimwendea upande wa sikio lile zima. "Kimutai, ndugu yangu. Uliniletea nini?"

Akajibu, "Shemeji, niliwaletea mchanga."

Mgeni rasmi, tuliyoyasikia baada ya hapo ametuambia mwenyewe, akiwa amekaa chini kwenye nyasi mbichi, mzee wa miaka sitini na minane. Bahari haikumrudisha mtu siku ya nne, wala siku yoyote nyingine. Wewe, kama kamanda, uliandika barua ya kweli kwamba mwili haukupatikana, ukaitia saini, ukampa Kimutai ailete hapa pamoja na sanduku la nguo za marehemu na bendera. Ilikuwa safari ya kuleta barua tu. Lakini alipotoka langoni mwa kambi hakuweza. Alituambia kila alipojaribu kuona uso wa Mama Nanyama aliona na midomo yake ikiuliza: na ile kamba yenu je? Yeye aliyekuwa ameapa mbele ya wanaume kumi na mmoja, aje Misikhu na karatasi!

Akaenda kwa seremala wa mtaani, akatengenezewa jeneza. Akateremka ufukweni peke yake, akajaza vigunia vinne. Alipoliinua jeneza akaona ni jepesi kuliko mwanamume, akavua mkanda wake mwenyewe akauweka juu. Anasema aliuweka kwa sababu ya uzito, na pia kwa sababu alitaka kitu kimoja ndani ya jeneza lile kiwe cha kweli. Lilipigiliwa misumari, likapandishwa lori. Lori lilipofika Webuye, anasema, alikuwa ameshaanza kuamini kwamba Mukhisa yumo.

Hapa bomani, wazee walitaka kumwona mtoto wao. Kimutai, ndani ya sare iliyopigwa pasi, akasema ni amri ya kikosi, jeneza halifunguliwi. Nani angebishana na sare? Akasimama kando yake bila kula mpaka likafukiwa.

Mama Nanyama alisikiliza yote. Kisha akapaza sauti, na tunaandika maneno yake jinsi yalivyotoka: "Miaka thelathini na tatu napalilia muchanga! Nimeupandia maua, nimeusalimia kila Krismasi! Kimutai, si ungeuliza tu, bana? Sisi tuko na njia yetu. Mutu akipotea majini, tunakata mgomba, tunauosha, tunaulilia, tunauzika kama yeye. Inaisha. Ungekuja mikono mitupu tungekupokea na tungekupa chai!"

Mzee Kimutai akasema, "Mimi ni mtu wa Cherangany, shemeji, si wa kabila lenu. Sikujua hiyo."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza."

Hilo ndilo linalotuumiza, mgeni rasmi. Ukoo wa boma hili ulikuwa na desturi iliyotengenezwa kwa ajili ya msiba wa namna hii hasa, na mtu mmoja akaizibia njia kwa sababu ya heshima ya kikosi. Kulingana na wazee, Mukhisa hajazikwa mpaka leo. Hajaitwa nyumbani. Kaka zake wawili wamekufa wakidhani walishamlilia.

Hatutajifanya watakatifu. Baadhi yetu siku ile walitaka Mzee Kimutai afukuzwe kwenye umoja, na mmoja alishika fimbo. Lakini wengine tulikumbuka makofi yetu wenyewe. Phelista, mtu wa stoo, alijua kwamba mkanda wa Kimutai haukurudishwa mwaka ule. Aliandika "umepotea" akafunga daftari, kwa sababu hakutaka kumsumbua shujaa. Tuliipenda hadithi kuliko tulivyompenda Mukhisa.

Jana Mzee Kimutai alikuja na bahasha. Imekaa kwenye sanduku la bati Kachibora miaka yote hii, haijafunguliwa. Alimwambia katibu, "Andika yote, Phelista. Usinipambe." Leo hakutaka kuketi meza kuu. Yuko pale kwenye benchi karibu na jiko, na medali ameziacha nyumbani.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba. Yamebaki matatu.

Kwanza, barua yako iko hapa mezani. Mama Nanyama amekataa kusomewa na katibu. Anasema barua ya mume wake itasomwa na aliyeiandika. Tunakuomba umsomee, polepole, hata kama maneno ni machache na ya kiofisi. Baada ya hapo umweleze kwa maneno ya kawaida mahali penyewe palikuwa wapi, maji yalikuwa na kina gani, na kama kulikuwa na mwanga.

Pili, utusaidie kuiandika upya historia ya Kikosi cha Kamba. Hatutaki ifutwe. Walikuwa kumi na wawili kweli, na mambo waliyoyafanya ni makubwa, nasi tungali tunajivunia. Ila iandikwe kwamba mmoja alibaki baharini, na kwamba mwenzake alimtafuta mpaka masikio yakapasuka. Hiyo peke yake ingetutosha. Laiti angetuambia hiyo.

Tatu. Ratiba uliyopewa inasema sasa utafunua jiwe. Jiwe tumelirudisha Kitale. Kilichofunikwa shuka pale mbele yako ni mgomba. Wazee wameukata leo asubuhi, wakaupima kwa urefu wa Mukhisa jinsi mkewe anavyoukumbuka, na wanawake wa ukoo wameuosha. Hubebwa na watu wanne. Wawili ni wa ukoo. Wa tatu tunakuomba uwe wewe.

Wa nne ni Mzee Kimutai. Aliomba asiuguse, akasema hastahili. Mama Nanyama alimjibu mbele yetu sote: "Utabeba, na utashika upande wa kichwa. Tukifika kwa shimo utasema kwa sauti kwamba hukumpata. Yeye anajua. Ni sisi tulikuwa hatujui."

Mungu aliyetenga maji na nchi kavu akulinde njiani, ampe Mama Nanyama usingizi, ampokee Mukhisa huko alikolala bila kaburi, na ampe mwenyekiti wetu pumzi ya kulisema neno hilo moja mpaka mwisho.

Ni sisi,
Umoja wa Wanamaji Wastaafu wa Kitale na Bungoma.
Imesomwa na Phelista Makokha, katibu, Misikhu.