Fundi wa Mashuka Aliyepata Usingizi

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa, fundi cherehani wa hospitali yetu anastaafu. Sote tunamwita Mzee Pindo, kwa kuwa pindo alilokunja yeye halifumuki hata shuka lenyewe likichakaa.

Miaka minne iliyopita alianza kusinzia kazini. Siku moja alijishonea mkono wa shati kwenye shuka, akainuka kwenda kunywa chai huku shuka likimfuata kama mkia. Tulicheka hadi machozi. Miezi mitatu kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mkewe. Ambacho hatukujua wakati huo ni kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimtikisa kila pumzi zilipomkatika usingizini. Sasa hakuwepo wa kumtikisa.

Sindano ilipompitia kidole, msimamizi alimwandikia barua ya onyo. Daktari aliyemfunga kidonda ndiye pekee aliyemuuliza, "Mzee wangu, unalalaje?"

"Nalala sana," akajibu, "ila naamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Alipimwa usingizi, ikaonekana pumzi humkatika, akapewa mashine ya kumsukumia hewa puani alalapo, na barakoa yake. Barakoa ya kwanza ilimchubua pua. Ya pili ilimvujishia hewa machoni. Ya tatu aliifungia kabatini wiki mbili nzima, akasema bora akorome. Mwishowe akarudi kwenye fani yake: akachukua kipande cha shuka kuukuu, laini kwa kufuliwa, akashona kitambaa cha kukaa kati ya plastiki na ngozi. Daktari alikikagua, akakiruhusu, kisha akamwomba amshonee mgonjwa mwingine. Hadi leo ameshona arobaini na viwili. Barua ya onyo ilifutwa.

Wiki iliyopita tu ndipo alipotusimulia asubuhi ya kwanza aliyoamka bila kichwa kizito. Aligeukia upande wa mkewe amweleze. Akakaa kitandani kidogo. Kisha akaoga, akaja kazini mapema kabla milango haijafunguliwa, akamwambia mlinzi, "Mwanangu, jana nimelala."

Mlinzi akaitikia, "Hongera, mzee," asijue anapongeza nini.

Mzee wetu, asante kwa kila mshono. Kapumzike kwa afya na amani. Na ukiamka salama, tupigie simu. Sisi tunajua tunachokupongezea.